Baba Mkwe Amefunga Begi Kabla ya Siku Zake

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 6. Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 73 aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, amekuja kutoka mbali kukaa nasi kwa majuma kumi, na hadi leo ninapoandika yamekwisha sita. Sina ubaya wa kusimulia juu yake. Ni mtu mpole, haamrishi, hakosoi malezi yetu, na watoto wanampenda. Kinachonisumbua ni Jumamosi.

Tangu juma la kwanza mke wangu aliamua kwamba baba yake asirudi kwake bila kuona kitu, na kwa hiyo kila Jumamosi tunaondoka alfajiri, wote watano ndani ya gari moja, mimi nikiendesha, mke wangu kando yangu akifuata ramani kwenye simu, na mzee nyuma pamoja na wajukuu. Tumekwenda kwenye maporomoko ya maji yenye ngazi zaidi ya 200 za kushuka. Mzee aliziangalia, akasema, “Nendeni nyinyi, mimi nitalinda gari,” akakaa juu ya jiwe kwa saa mbili. Tumekwenda ziwani, mwendo wa saa tano bila kusimama njiani, na yeye hakunywa hata tone la maji tangu asubuhi ingawa joto lilikuwa kali na nilimpa chupa mara tatu. Tulipofika miguu yote miwili ilikuwa imemvimba, akajilaza kivulini mpaka wakati wa kurudi. Tumekwenda kwenye mkahawa mkubwa wenye muziki, siku ya kuzaliwa ya mtoto wetu mdogo, na mzee alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, akitabasamu hata pasipokuwa na cha kuchekesha. Mahali pekee alipochangamka ni kwenye jumba la makumbusho, na huko nako alisoma kila kibao kilichobandikwa ukutani kwa muda wa saa nne, mpaka watoto wakaanza kugombana sakafuni. Kila tukirudi mke wangu huniambia, “Baba amefurahi sana,” kisha huchukua simu kutafuta pa kwenda Jumamosi inayofuata.

Siku za kazi sisi wawili hutoka asubuhi na kurudi jioni, watoto huwa shuleni, na mzee hubaki nyumbani. Huamka kabla yetu sote, humeza vidonge vyake vya presha, huoga, huvaa kama mtu anayekwenda ofisini, kisha huketi sebuleni, na jioni tunamkuta pale pale. Maisha yake yote alikuwa fundi seremala. Katika juma la pili nilimkuta ameufungua mlango wa kabati la jikoni, ambao bawaba yake imelegea kwa muda mrefu, nikamwambia, “Baba, acha, wewe umekuja kupumzika, nitamwita fundi.” Aliurudisha mahali pake bila neno. Siku chache baadaye, tukiwa mezani, alisema huku akicheka kidogo kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini yeye juma la tatu linakwisha na hajui jembe la nyumba hii linawekwa wapi. Nilikichukua kuwa kijembe, kwamba hatumshughulikii vya kutosha, na nadhani mke wangu naye alielewa hivyo hivyo, maana Jumamosi iliyofuata ndiyo tuliyokwenda ziwani.

Jumamosi iliyopita uvumilivu uliniishia. Mke wangu alikuwa akinionyesha picha za mapango yaliyo umbali wa saa nne, nami nikamjibu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mimi si dereva wa kukodiwa na kwamba nayahesabu majuma yaliyobaki. Nilipogeuka nikamwona mzee amesimama mlangoni. Jumatatu asubuhi nilipopita chumbani kwake niliona begi liko juu ya kitanda, limefungwa, na jioni akatuambia kwa adabu kwamba amekumbuka shughuli fulani nyumbani kwake na angependa tumtafutie tiketi ya kuondoka mapema. Mke wangu anasema nimemfukuza baba yake, na tangu siku hiyo tunazungumza kuhusu watoto tu.

Je, nimsihi abaki, ilhali ukweli ni kwamba nimechoka? Na akibaki, nimwambie nini mke wangu kuhusu Jumamosi nne zilizosalia?

Dereva wa Jumamosi

*

Ndugu Dereva,

Nianze na begi, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja lakini hilo haliwezi. Leo hii, kabla mzee hajalala, nenda chumbani kwake peke yako, bila mke wako na bila watoto, uombe ruhusa ya kukaa, kisha umwambie kitu kimoja tu: “Baba, Jumamosi nilisema maneno mabaya, nawe uliyasikia. Nilikuwa nimechoshwa na safari, sikuchoshwa nawe, lakini nilivyosema niliyachanganya hayo mawili, na kosa ni langu. Naomba unisamehe.” Ukishamaliza, nyamaza. Usimweleze jinsi kazi ilivyokubana juma hilo, usimtaje mke wako, wala usimwambie kwamba hukujua kuwa alikuwa mlangoni, kwa sababu kutokujua huko kunaonyesha tu kwamba maneno yale ungeyasema hata hivyo, mradi asiyasikie. Nimeona watu wengi wakiwaomba radhi wakwe zao kwa maelezo marefu, mpaka mzee wa watu analazimika kumfariji yule aliyemkosea. Usimdai pia jibu la papo hapo kuhusu kuondoka. Mwombe tu mkeo asitafute tiketi kwa siku mbili tatu.

Unaniuliza kama umsihi abaki wakati umechoka, nami nataka kwanza tuelewane umechoshwa na nini. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ambapo mzee huyu aliomba kupelekwa popote, na sikupaona. Hakuomba maporomoko, hakuomba ziwa, wala hakuomba mkahawa. Alichokiomba katika majuma haya sita ni kitu kimoja, na alikiomba mara mbili: mara ya kwanza kwa mikono yake, alipoufungua mlango wa kabati, na mara ya pili kwa mdomo, pale mezani. Alikuwa akiomba jembe, ndugu yangu, na wewe ukasikia kijembe.

Watu hupenda kuitumia methali hiyo kama kauli ya mwenyeji aliyechoka, anayetaka mgeni ajilipie kukaa kwake, lakini mara hii aliyeisema ni mgeni mwenyewe. Mgeni anayelala siku mbili hufurahia kuhudumiwa, ila mtu anayekaa majuma kumi katika nyumba ambamo hakuna hata kitu kimoja kinachomngoja akifanye hubaki kuwa mtu wa kupishwa njia, anayeomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Mtazame baba mkwe wako siku za kazi: ameamka wa kwanza, amevaa, amechana nywele, amekaa. Huyo ni mtu aliyejiandaa kwa kazi ambayo hakuna aliyempa. Ulipomwambia apumzike ulikuwa na nia njema, sina shaka, ila ulimwambia fundi seremala kwamba utamwita fundi. Hebu yasome tena maneno hayo polepole.

Kwa hiyo utakapokwenda kumwomba radhi, au kesho yake ikiwa ya leo yatakuwa mazito, mpelekee lile kabati. Mwambie kwamba bawaba bado imelegea na kwamba ulikosea kumzuia, kisha umuulize anahitaji vifaa gani, na umletee vile atakavyovitaja na si vile unavyoona vinatosha. Angalizo moja: usimbunie kazi. Mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote huitambua kazi ya kubuniwa mara moja, na kumpa msumari usio na maana ni kumfanya mtoto. Kila nyumba ina kiti kinachoyumba, droo inayokwama au mlango unaokwaruza sakafu, na nyumba ya watu wawili wanaotoka asubuhi na kurudi jioni, wenye watoto wawili, lazima ina zaidi ya hapo. Ikiwa mtoto wako wa miaka 9 anarudi kutoka shule kabla yenu, mpe mzee mchana ule wote, awe ndiye anayempokea na kumsikiliza akisoma, nanyi msimpigie simu kila nusu saa kuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Sasa tuje kwenye safari zenyewe, maana humo kuna mambo uliyoyaona kwa macho yako ukayafikiria kuwa ukaidi au ubaridi, na mimi nayaona kwa namna nyingine kabisa. Uliniambia kwamba humeza vidonge vya presha kila asubuhi, na kwamba siku ya ziwa alikataa maji mara tatu. Baadhi ya dawa za presha ni za kukojosha, na nyingi kati ya hizo huanza kufanya kazi ndani ya saa moja au mbili baada ya kumezwa. Mtu aliyemeza kidonge cha namna hiyo alfajiri, kisha akaingizwa kwenye gari lisilosimama kwa saa tano, kati ya wajukuu wake, akiendeshwa na mkwe wake, ana njia moja tu ya kujikinga na aibu, nayo ni kutokunywa. Njia hiyo ni ya hatari, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee anaweza kuishiwa maji mwilini kwenye joto kali bila kujihisi kuwa na kiu. Muulizeni kwa faragha, na ingefaa aulizwe na binti yake, kama vidonge vyake ni vya aina hiyo. Msimbadilishie saa ya kuvimeza kwa akili zenu, kwani hilo ni la daktari au mfamasia wake. Badilisheni saa ya kuondoka, ambayo ni yenu. Ondokeni katikati ya asubuhi, na kabla ya kuondoka mwambieni ni wapi mtasimama na kwamba hapo pana choo. Mtaona jinsi chupa ya maji itakavyokubalika.

Miguu kuvimba baada ya kukaa saa nyingi bila kujinyoosha ni jambo la kawaida, hata kwa vijana, lakini halipaswi kupuuzwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu safari ndefu, yakionyesha kwamba uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa huongezeka karibu mara mbili kwa msafiri anayekaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, awe kwenye ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mtu mmoja mmoja uwezekano huo bado ni mdogo, kwa hiyo sikuandikii ili kukutisha, ila kusimama kila baada ya saa mbili na kutembea dakika kumi ni gharama ndogo mno kuacha kuilipa. Ikitokea mguu mmoja tu ukavimba na kuuma, au mzee akakosa pumzi ghafla, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na ule mkahawa? Masikio yanapozeeka, kwa kawaida sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na konsonanti kama s, f na t hubebwa na sauti hizo. Kwenye chumba kitulivu mzee huziba mapengo kwa kubahatisha na kwa kuangalia midomo, nanyi hamjui kwamba kuna tatizo lolote. Penye muziki na watu wengi, mazungumzo yote humgeukia mvumo mmoja usio na maneno. Anayetabasamu pasipo na kichekesho, kwa kiasi kikubwa, ni mtu asiyesikia na ambaye hataki kuwaharibia sherehe. Siku nyingine mketisheni pembeni, mgongo wake ukielekea ukutani, na mnayemsemesha mtazameni usoni.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini makumbusho yalimfaa. Sakafu ilikuwa tambarare, vyoo vilikuwa karibu, palikuwa na utulivu, maelezo yalikuwa ya kusoma na si ya kusikiliza, na hakuna aliyemharakisha, isipokuwa watoto wenu, ambao kwao saa nne za vibao ni adhabu. Safari iliyomfaa mliipata, ndugu yangu, mkaihesabu kuwa tatizo.

Nimekuja kwa mke wako mwishoni, kwa sababu hapo ndipo ninapodhani panauma kuliko kwingine. Huyu ni binti aliyefiwa na mama yake mwaka juzi, anayeishi mbali na baba yake, na aliyepewa majuma kumi ya kuwa naye, ambayo siku tano katika kila juma zinaliwa na kazi. Anazitumia Jumamosi kulipa deni ambalo hakuna anayemdai. Anaposema kwamba baba amefurahi, sidhani kwamba anakudanganya, anajaribu kujiaminisha. Sasa itazame picha uliyonichorea mwenyewe: wewe kwenye usukani, yeye kando yako macho yakiwa kwenye ramani, mzee nyuma. Baba amesafiri kutoka mbali kuja kumwona binti yake, na kila Jumamosi kwa saa nyingi anachokiona ni kisogo chake. Katika barua yako yote hakuna hata tukio moja ambapo wawili hao wamekaa peke yao.

Kwa hiyo usiende kwa mkeo na hoja kwamba safari ni nyingi, hata kama ni kweli, kwa kuwa baada ya yale ya Jumamosi iliyopita atasikia tu kwamba baba yake ni mzigo. Kwanza mwambie kwamba umekwisha kumwomba baba radhi, na asilisikie hilo kutoka kwa mzee. Kisha mwambie: “Jumamosi hii mimi nitabaki na watoto. Nenda na baba mahali popote mnapotaka, nyinyi wawili tu, hata kama ni kukaa kwenye benchi.” Usiiseme kama mtu anayejitoa kwenye zamu, maana atakuuliza kama hiyo ni njia yako ya kukwepa kuendesha, na ukweli ni kwamba kwa sehemu ndiyo. Mkubalie sehemu hiyo. Mwambie kwamba umechoka kuendesha na pia kwamba unaamini baba anamhitaji yeye zaidi ya anavyohitaji mapango. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli siku moja, na mke aliyeishi nawe miaka hii yote atakuamini zaidi ukiyasema yote kuliko ukisema lile zuri tu.

Baada ya hapo mtabaki na Jumamosi tatu. Ushauri wangu ni kwamba moja iwe ya safari ya familia nzima, ya nusu siku, isiyozidi saa moja na nusu za gari kwenda, na mzee akae mbele. Msimwulize anataka kwenda wapi, kwa sababu atawajibu “popote”, kama wageni wote wenye adabu. Mpeni sehemu mbili achague moja. Ya pili arudi makumbusho na mtu mmoja tu mwenye subira, na ningependa uwe wewe. Mtakuwa hamjazungumza sana nyinyi wawili, na vibao ukutani ni msaada mkubwa kwa wanaume wawili wasiojua waanzie wapi. Ya tatu msipange lolote. Lala. Acha nyumba iamke kila mtu kwa saa yake, na ukisikia mzee anagonga kitu jikoni saa kumi na mbili asubuhi, jifunike shuka usijitokeze.

Huenda, pamoja na yote hayo, bado akataka kuondoka. Mzee mwenye heshima zake, aliyesikia majuma yake yakihesabiwa, ana haki ya kuyahesabu mwenyewe, na radhi yako haimlazimishi kuifungua begi lake. Ikiwa hivyo, usibishane naye zaidi ya mara moja, wala usimtume mkeo au watoto wamlilie. Muulize ni siku gani ingemfaa, umwombe iwe baada ya ile Jumamosi ya binti yake, na siku ya safari umpeleke wewe mwenyewe hadi kituoni, mkisimama njiani kila atakapotaka. Dawa zake aziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi litakalopakiwa mbali naye. Na kabla hajaondoka, mwachie nafasi amalize lile kabati.